Marehemu Kwenye Harusi ya Mwanakheri

Jumapili ile walianza kwa kugombania nywele.

"Mwanakheri gani huyu mwenye nywele za kalikiti?" Mwamvita alisema, kidole kakielekeza kwenye kioo cha televisheni kama anayemshtaki mtu kwa balozi wa nyumba kumi. "Kitabu cha kwanza kimesema wazi, bibi kasuka twende kilioni. Pangani ya Wajerumani, hiyo dawa ya nywele kainunua duka la nani?"

"Nywele nimezisamehe, shoga," akajibu Kokuberwa, mwenye nyumba na mwenye televisheni. "Kinachoniua mie ni Mbaraka. Mpagazi katembea kwa miguu kutoka Ujiji, pembe ya ndovu begani, halafu kitambi hicho! Kama meneja wa bohari!"

Wakacheka mpaka Najma, msusi wa mtaani aliyekuwa mdogo kuliko wote, akawaomba wanyamaze asikie. Najma hakuwa amesoma hata kitabu kimoja. Yeye alikuja kwa ajili ya picha, na kila Jumapili wenzake walimfafanulia mchezo kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwingine.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, Mtoni, upande wa Temeke. Ruhusa ya vituo vya televisheni ilikuwa imetoka miaka michache tu nyuma, na mtaani kwao ilikuwamo televisheni moja, ya Kokuberwa, karani wa bandarini kutoka Bukoba ambaye wengi walimwita Mama Allen. Basi magharibi ikishaswaliwa, wanawake waliingia sebuleni kwake na mikeka yao, wakamwamkia mumewe Adelard, naye akachukua gazeti lake akahamia barazani bila kuambiwa.

Walikuja kwa sababu ya *Mwanakheri wa Pangani*. Vilikuwa vitabu vitano, vidogo, karatasi yake ya kuchanikachanika, na Sadallah wa soko la Tandika alivikodisha mpaka majalada yakabanduka akayashona kwa uzi wa gunia. Hadithi yenyewe kila mtu aliijua. Mwanakheri, binti wa jumbe, kampenda Mbaraka, mpagazi asiye na mbele wala nyuma. Wajerumani wanapandisha bendera yao, Mbaraka anaingia vitani pamoja na watu wa pwani, wanashindwa, anatokomea. Wengine wanasema kanyongwa, wengine wanasema kakimbilia bara. Mwanakheri anakataa kila mchumba. Anangoja vitabu vitatu vizima, mpaka katika cha tano Mbaraka anabisha hodi, ndevu zimeshaingia mvi.

Hakuna aliyevijua vitabu hivyo kama Mwamvita, na majirani walijua kwa nini, ingawa hawakusema mbele yake. Mumewe Twalib alikuwa kuli bandarini. Miaka sita nyuma alizamia, yaani aliingia melini kwa kujificha, kama vijana wengi wa wakati ule waliotaka kufika Ugiriki au popote penye kazi. Mtaa mzima ulijua anakwenda. Walimuaga kwa kumnong'oneza dua. Kisha zikaja habari kwamba kuna meli imewatosa wazamiaji baharini. Majina hayakuja, ilikuja habari tu. Mama yake Twalib, Bi Talha, alilia mpaka sauti ikamkauka, na wajomba wakaamua isomwe hitima. Pilau lilipikwa, Kurani ikasomwa, na Mwamvita akaambiwa aingie eda.

Alikataa. "Maiti yangu iko wapi?" aliwauliza wajomba. "Nionyesheni maiti, nitakaa eda."

Mwanzoni walisema kachanganyikiwa. Baadaye walisema ni mkaidi. Miaka ilipopita na yeye bado yumo katika nyumba ya wakwe, hana mtoto wala mtu, anauza vitumbua asubuhi na kumwogesha Bi Talha ambaye presha ilishamlegeza miguu, watu wakaanza kumheshimu. Walimwita Mwanakheri wetu, tena si kwa kejeli. Naye jina hilo lilimpa nguvu, alijishikilia nalo.

Ndiyo maana jioni ile, mchezo ulipofika katikati, ni yeye aliyekuwa wa kwanza kusimama.

"Mbona anapakwa hina?" Najma aliuliza. "Si mlisema hakubali mtu?"

Kweli, kwenye kioo Mwanakheri alikuwa ameketi juu ya kigoda, wanawake wamemzunguka, mikono kaitoa anapakwa hina. Karani wa liwali, ambaye katika kitabu cha tatu anafukuzwa kwa maji ya kuoshea vyombo, alikuwa nje na kanzu mpya anangoja kuingizwa.

"Astaghfirullahi!" Mwamvita alisema. "Wamefanya nini hawa? Anaolewa? Na karani?"

"Hajangoja hata miaka miwili!" Kokuberwa naye kaweka chini kikombe. "Mie naandika gazetini kesho. Haki ya Mungu naandika. Huwezi kuchukua kitabu cha watu ukakigeuza hivi."

"Labda anaota," mwanamke mmoja wa nyuma alisema.

"Anaota nini na ngoma inapigwa?"

Ngoma ilikuwa inapigwa kweli. Msafara wa bwana harusi ukatokea kwenye kichochoro cha nyumba za kale, picha inatikisika, wanaume wanaimba. Mmoja wao akatangulia mbele, kofia kailaza upande wa kushoto, akagonga mlango kwa kiganja na kusema kwa sauti kubwa, "Fungueni, wenyewe! Harusi imefika!"

Mwamvita alikuwa bado amesimama. Watu walidhani hasira ndiyo iliyomnyamazisha. Kokuberwa ndiye aliyegeuka kumtazama, akaona mdomo umeachama, macho hayapepesi, na mkono umeshika ukuta.

"Mwamvita," alisema polepole. "Yule mtu... yule si..."

"Sauti yake," alisema Mwamvita. "Mama Allen, ile sauti yake."

Mlango wa Mwanakheri ulikuwa umeshafunguliwa, msafara umeingia, yule mtu hayupo tena. Likaja tangazo la sabuni. Najma alikuwa akiuliza, "Nani? Nani jamani?" Wengi wao walikula pilau la hitima ya mtu yule. Mwanamke wa nyuma alijifunika uso kwa kanga akaanza kusoma dua.

Mwamvita hakupiga kelele. Aliketi pale pale chini, miguu kainyoosha mbele kama aliyepewa habari ya msiba. Jambo alilokuwa akiliomba kila sala lilikuwa limepita mbele ya macho yake, limevaa kofia, linacheza ngoma, na hakujua kama ni la kufurahia au la kulilia.

"Watu wanafanana," alisema mwishowe.

"Wanafanana," Kokuberwa alikubali, lakini wote wawili walijua.

Mchezo ulikuwa na marudio siku ya Jumatano mchana. Kokuberwa aliomba ruhusa kazini. Walikubaliana kwamba Bi Talha lazima aone, kwa sababu hakuna mtu katika dunia hii anayemjua mtoto kuliko aliyemzaa. Lakini waliogopa presha yake. Mwamvita hakulala vizuri siku zile, akiwaza namna ya kumwambia. Alimtayarisha kwa maneno ya mbali mbali, kwamba Mungu hufufua hata matumaini, kwamba asishtuke. Adelard aliweka pikapu yake tayari mlangoni, ikitokea la kutokea wamkimbize mama hospitali.

Wakamketisha Bi Talha kwenye kochi, Mwamvita kamshika mkono, glasi ya maji iko mezani. Hina ikapakwa. Ngoma ikapigwa. Kofia ikatokea kichochoroni.

"Fungueni, wenyewe! Harusi imefika!"

Mwamvita hakuitazama televisheni. Alimtazama mkwewe, tayari kumdaka. Uso wa Bi Talha haukubadilika, ila midomo ilitetemeka kidogo kwa huruma, kama ya mama anayemwona mwanawe karudi kutoka shule na njaa.

"Masikini," alisema kizee yule. "Kakonda tangu Idi."

Glasi ya maji haikumwagika, wala hakuna aliyeanguka. Kokuberwa alijikuta amesimama bila kujua aliinuka saa ngapi. Mkono wa Mwamvita bado ulikuwa umeushika mkono wa mkwewe, na akausikia ule mkono wa kizee unaanza kutoka jasho.

"Idi gani, mama?" Mwamvita aliuliza.

Bi Talha alitazama chini.

"Idi gani?"

Kila Idi, Bi Talha alikuwa akienda kwa dada yake Gongo la Mboto. Mwamvita ndiye aliyemfungia vitumbua na halua. Kila mara mama alisema, ongeza mwanangu, kule watu ni wengi. Naye aliongeza. Alitafuta usafiri, akampandisha, akamwambia wasalimie. Sasa alikuwa akiyaona yale mafungu ya halua moja baada ya jingine, na kinywa kilichoyala.

"Mie nilijua mwaka wa pili," Bi Talha alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Wallahi hitima niliisoma kwa kweli, nilidhani kafa. Kisha akaja kwa dada, akasema kaona haya kurudi. Kaoa huko Chanika. Nilitaka kukwambia, mwanangu. Kila siku nilitaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeondoka." Machozi yakaanza kumtoka. "Ungeondoka, nani angeniogesha?"

Mwamvita aliuachia ule mkono. Aliuweka polepole juu ya goti la mwenyewe, kama kitu cha watu kinachorudishwa, akatoka nje. Kokuberwa alimkuta kaegemea pikapu ya Adelard, kanga imemwanguka kichwani hana habari, anaitazama barabara.

"Nipelekeni Chanika," alisema.

Walikwenda Jumamosi. Chanika wakati ule ilikuwa mashamba ya mihogo na mikorosho, nyumba mpya zinachipua moja moja katikati ya vichaka, na njia ya vumbi jekundu lililowapaka mpaka kope. Walipouliza nyumba ya Twalib walionyeshwa bila taabu. "Twalib wa kwenye tivii?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo. "Pale, penye matofali."

Njia nzima Mwamvita alikuwa amepanga maneno. Baadhi yalikuwa ya laana. Lakini yalikuwamo mengine pia, na hayo hakumwambia hata Kokuberwa. Alikuwa amewaza kwamba pengine kuna sababu kubwa, ugonjwa, au kifungo, au mtu amemtisha. Kwamba akimwona atapiga magoti. Na kwamba yeye, Mwamvita, aliyekwisha kungoja hivi, hatashindwa kumalizia kwa kusamehe.

Twalib alikuwa anafyatua matofali, shati kavua. Alipoinua kichwa akamwona, kibao kilimdondoka kikavunja tofali bichi. Alirudi nyuma hatua moja, kama yeye ndiye aliyeona maiti.

"Mwamvita."

"Ndiyo mie. Shikamoo marehemu."

Msichana mwenye mimba alitoka mlangoni, akawaona wageni, akarudi ndani haraka kuleta mkeka, na hapo Mwamvita akajua kwamba msichana yule hajui chochote.

Walikaa chini ya banda la makuti, Kokuberwa na Adelard wakijifanya wanatazama mikorosho. Twalib alisimulia. Meli ilimgundua kabla haijatoka mbali. Walimshusha Mombasa, akakaa huko rumande, akarudi kwa taabu mpaka Dar, mikono mitupu. Akafika Mbagala, akakutana na mtu asiyemfahamu anayesimulia habari za kuli wa Mtoni aliyetoswa baharini, jinsi hitima yake ilivyofana.

"Nilikuwa nimesimama pale nasikiliza habari za kufa kwangu," alisema. "Watu wote walioniaga, nikarudi niwaambie nini? Nikaona basi, nimeshazikwa. Mtu aliyekufa hadaiwi kitu, hachekwi na mtu."

"Na mie?"

"Nilidhani utaolewa. Nilidhani umeshakaa eda."

"Mama yako hakukwambia kwamba nangoja?"

Alianza kujikwangua udongo viganjani. Hilo lilitosha kuwa jibu. Kuku alipita kati yao akidonoa. Alimtazama mume wake: kweli alikuwa amekonda, mvi zimeanza masikioni, na katikati ya yale yote moyo wake ulimwonea huruma, ukaanza kulegea. Alifungua mdomo. Alikuwa karibu sana kusema neno la wema.

Twalib akamtangulia. Alijikuna shingo, akatazama upande, na kitabasamu kidogo cha aibu kikamtoka.

"Basi mliniona," alisema. "Kwenye mchezo. Walikuwa wanatafuta watu wa msafara, rafiki yangu mmoja wa Mikocheni akanipeleka. Yule mkubwa wao alinipa mie lile neno, kati ya wanaume wote wale." Akamgeukia. "Nilitokeaje? Vizuri?"

Mwamvita alimkodolea macho. Kwa muda hakuelewa kama kayasikia maneno yale sawasawa. Kule penye mikorosho, Kokuberwa alikuwa ameyasikia pia. Alishika kinywa kwa mikono miwili, na Adelard akageuza uso akatazama mbali.

"Ulitokea vizuri," Mwamvita alisema. Sauti ilimtoka laini, hata yeye aliishangaa. "Sasa vaa shati, Twalib. Twende msikitini kwenu ukanipe talaka yangu mbele ya watu. Na ukimaliza, utakuja Mtoni kumtunza mama yako. Mie nimemaliza."

Hakubisha. Aliitamka talaka mbele ya imamu na wazee wawili waliokuwa wakingoja adhuhuri, na mmoja wao alipoambiwa kisa alisema "La ilaha illallah" mara nyingi, akitikisa kichwa, mpaka imamu akamgusa bega.

Jumapili iliyofuata wanawake walikusanyika kwa Kokuberwa kama kawaida, lakini ni kama hakuna aliyejua akae wapi. Habari ilikuwa imeshaenea mpaka Tandika. Mchezo ulianza, Mwanakheri yuko nyumbani kwa karani, anapepeta mchele, na uso wake haukuwa wa furaha wala huzuni.

"Mimi bado nasema wameharibu," Kokuberwa alijaribu, kwa sauti ya kuchangamsha. "Kitabu ni kitabu. Mwanakheri ni wa kungoja."

"Mie nasema wamemtendea vizuri," alisema Mwamvita.

Wote wakageuka. Ni kama imamu kaacha swala katikati. Ni yeye aliyewafundisha vile vitabu. Ni yeye aliyekuwa akisoma ukurasa wa mwisho kwa sauti mpaka watu wakalia.

"Mwenzetu!" Najma alisema. "Si ndiye wewe uliyekasirika hata ukasimama?"

"Nilikasirika, ndiyo. Lakini mwenye kuandika kitabu yeye alimjua Mbaraka yuko wapi. Alijua atarudi, ndiyo maana akamngojesha yule bibi. Mwanakheri mwenyewe hakujua. Jamani, msichana hajui kitu, anaambiwa ngoja, na sie huku tunampigia makofi." Alivuta kanga mabegani. "Muacheni apepete mchele wake."

Kokuberwa alitaka kusema kwamba karani wa liwali bado ni mtu mbaya, maana kitabu cha nne kimemwonyesha hivyo, lakini aliliacha.

Twalib alikuja Mtoni mchana wa Jumatatu, na hilo ndilo jambo ambalo watu wa mtaa ule walilisimulia miaka mingi baadaye. Aliteremka kwenye pikapu ya mizigo na mke wake na godoro lao, juani, watu wote wakitazama. Muuza mkaa aliyebeba maji ya kuoshea mikono siku ya hitima alikimbilia ndani akafunga mlango. Mzee mmoja alimsogelea, akamshika mkono, akaubinya kusikia kama una mfupa, kisha akauachia na kuondoka bila salamu. Twalib alitembea kutoka barabarani mpaka kwao kichwa kikiwa chini, na hakuna hata mmoja aliyemkaribisha.

Mwamvita alikuwa ameshafunga vitu vyake. Kaka yake Kondo alikuwa amemtengea chumba Kimara, na Adelard angempeleka. Alimkuta yule msichana wa Chanika kasimama ukumbini, mikono juu ya tumbo, hajui pa kuutua mfuko wake.

"Shikamoo, dada," msichana alisema, na machozi yakamjaa. "Mie sikujua. Aliniambia hana watu."

"Marahaba. Najua hukujua." Mwamvita alimshika kiwiko akampeleka mpaka chumba cha Bi Talha. "Sikiliza. Dawa ya presha anakunywa asubuhi, akishakula uji, si kabla. Chumvi usimpe hata akikulilia. Ukimwogesha, anza na miguu, maji ya uvuguvugu, kichwa mwisho, la sivyo anaona kizunguzungu."

Bi Talha alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani. Tangu ile Jumatano walikuwa wamesemeshana ya lazima tu. Aliposikia maagizo yale alianza kulia kwa sauti, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mwanangu, utaniacha kweli?"

Mwamvita alisimama mlangoni. Alimjua mwanamke huyu kuliko alivyomjua mama yake mwenyewe, kila mfupa wake na kila kovu. Alirudi, akainama, akamfunga vizuri kanga iliyokuwa imelegea kifuani, akaibana kwa kukunja ncha kama alivyozoea kila asubuhi.

"Nakuacha, mama," alisema. "Nimekuachia mwanao."

Kisha akatoka, akampita Twalib mlangoni bila kumtazama, akapanda pikapu. Kokuberwa alisogea kumpa nafasi. Adelard aliwasha gari, na watu waliokuwa wamejaa barabarani wakapisha njia mpaka walipovuka daraja.